Vitumbua vya Marehemu

Sidhani kama yupo mwanamke mwingine katika Jamhuri ya Subirini aliyewahi kuliliwa kama nilivyoliliwa mie. Bendera ya Idara ya Madaraja ilishushwa nusu mlingoti. Redio ya taifa iliacha taarabu, ikapiga nyimbo za huzuni tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mkurugenzi Mkuu mwenyewe, mtu mzima mwenye kitambi na walinzi, alilia mbele ya waandishi wa habari mpaka miwani yake ikaangukia kipaza sauti. Haya, nitajieni mwingine aliyepata heshima hiyo. Kasoro ilikuwa moja tu: sikuwa nimekufa. Nilikuwa sokoni, kwenye meza yangu, nageuza vitumbua.

Nisiwachanganye. Mie naitwa Siwema binti Ndimbo. Shule niliishia ya msingi, tena muda mwingi nilikaa karibu na dirisha. Nayasema niliyoyaona. Atakayeona nchi hii inafanana na nchi anayoijua yeye, basi kosa ni la macho yake, aende akapimwe.

Mkurugenzi Mkuu huyo ni Hemedi, mtoto wa marehemu kaka yangu. Nilimlea mimi tangu hajui kufunga vifungo vya kaptura. Akasoma, akapanda, akapewa Idara ya Madaraja na Vivuko. Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa Daraja la Umoja: refu, zuri, lina taa pande zote mbili. Mkandarasi, Bwana Pondamali, alilijenga uwanjani nyuma ya stendi, mahali ambapo haujawahi kupita hata mfereji. Wananchi walipouliza mto uko wapi, Hemedi alisimama juu ya daraja akajibu, "Serikali imetangulia. Mto utafuata." Watu wakapiga makofi. Na mie nilipiga. Nilikuwa juani, na makofi yanafukuza nzi.

Haukupita muda, uani kwa Hemedi pakaonekana gari jipya jeusi, lina viti vya ngozi na kijokofu cha kupozea soda. Lilitoka kwa Bwana Pondamali. Hemedi akashitakiwa kwa kupokea rushwa. Hakimu akamwuliza gari limefikaje kwake. Akajibu kwamba Bwana Pondamali alikuja kumjulia hali, akalisahau.

"Na kadi ya gari yenye jina lako?"

"Hiyo nayo aliisahau, Mheshimiwa."

Akatiwa hatiani, akahukumiwa kifungo.

Lakini kwetu Subirini kiongozi akikata rufaa, hatia yake hupumzishwa. Haifutwi wala haitekelezwi. Inavutiwa kiti, inaambiwa ikae isubiri. Hemedi akaendelea kwenda ofisini kila siku, tena kwa gari lile lile, maana gari lilikuwa kielelezo, na kielelezo, walisema, kikikaa bila kuendeshwa betri yake inakufa. Betri walikuwa na huruma nayo.

*

Ndipo akaja Wakili Kilindo, mtu mwembamba mwenye maneno laini kama tui la kwanza. Akapekua vitabu mpaka akaikuta Sheria ya Rambirambi, iliyotungwa na wazee wetu kwa nia njema kabisa: mfiwa haulizwi thamani ya alicholetewa. Ukiletewa kuku, umepokea. Ukiletewa mchele, umepokea.

"Na ukiletewa gari?" aliuliza Wakili, akafumba macho. "Ni nani mwenye moyo mgumu wa kupima machozi ya mfiwa kwa mizani?"

Hoja ikawa safi. Ilikosa maiti tu.

Haya niliyapata baadaye kwa mpishi wa Hemedi. Wazazi wa Hemedi walikuwa wamekufa zamani mno, msiba wao umeshachacha. Mkewe aliombwa, akakataa, akasema ana harusi ya mdogo wake na sare ameshashona. Bwana Pondamali alijitolea kumtoa mama mkwe wake, lakini huyo hakuwa na undugu na Hemedi. Wakazunguka ukoo mzima, mwisho wakatua kwa shangazi. Shangazi hana wakili.

Basi Hemedi akaita waandishi wa habari. Akatangaza kwamba nilifariki mwaka ule ule wa daraja, ila aliuficha msiba kifuani ili asisimamishe maendeleo. Sasa kifua kimejaa. Lile gari, ndugu wananchi, lilikuwa rambirambi, na lililetwa likamsindikize marehemu makaburini.

"Na kijokofu cha soda?" aliuliza mwandishi mmoja mtundu.

"Kulikuwa na joto," Hemedi akajibu, akaanza kulia. Hapo ndipo miwani ilipodondoka.

*

Habari zilinikuta sokoni. Chausiku, muuza dagaa wa meza ya pili, alikuwa na redio.

"Shoga," akaniambia, "umekufa hata hujaniaga?"

"Nani kafa?"

"Wewe! Sikiliza, wanasema ulikuwa nguzo ya taifa."

"Mie? Nguzo? Na goti hili?"

Tulicheka mpaka vitumbua viwili vikaungua. Kicheko kilikatika alipotokea Bwana Shomvi, Ofisa Masoko, kavua kofia kaishika kifuani.

"Bi Siwema, pole sana na msiba."

"Msiba wa nani, baba?"

"Wa Bi Siwema."

"Si ndiye mie?"

"Ndiyo maana nikakupa wewe pole."

Kisha akatoa futi ya kamba akaanza kupima meza yangu. Kanuni za soko, akanieleza kwa upole, haziruhusu meza kukaa na marehemu. Mwenye meza akifa, meza hurudi serikalini, nayo serikali humpa mwenye uhitaji. Mwenye uhitaji alikuwa amesimama nyuma yake, shemeji yake, na jiko lake tayari kichwani.

"Bwana Shomvi, si unaniona?"

"Nakuona, mama. Lakini mimi ni ofisa wa ngazi ya chini. Siruhusiwi kuona kabla ya wakubwa."

Jamani, meza ile si mbao tu. Meza ile ndiyo iliyolipa kodi ya chumba changu tangu nifiwe na mume, ndiyo iliyonunua dawa ya goti, ndiyo iliyomsomesha huyo huyo Hemedi mpaka akajua kulia kwenye kipaza sauti. Nikafunga jiko langu, chuma changu cha vitumbua na upawa ndani ya kanga, nikaondoka. Sikuwa nacheka tena.

*

Nikaenda Ofisi ya Uhai na Vifo. Subirini huwezi kuingia ofisini bila kukaa kwanza kwenye benchi. Benchi ndilo lililochorwa kwenye nembo ya taifa. Nilikaa mpaka mbao zikanijua. Ndipo nikafika kwa binti mmoja mwenye kucha ndefu, akanitazama bila kuacha kutafuna bazoka.

"Shida yako, bibi?"

"Nataka kuwa hai, mwanangu."

"Umekuja na nini?"

"Nimekuja na mwili."

"Mwili hautoshi. Hata marehemu huletwa na mwili." Akageuza karatasi. "Leta mashahidi wawili waliokuwepo siku ambayo hukufa."

"Mwanangu, sijafa siku zote. Siku gani hasa?"

"Ile ambayo Mkurugenzi anasema ulikufa."

Nikamletea Chausiku. Akamkataa: muuza dagaa hawezi kumpinga Mkurugenzi Mkuu, hawalingani vyeo. Nilipozidi kusema, akamwita mkubwa wake. Mzee huyo akatoka na suti ya vipande vitatu katika joto lile, akanihutubia kana kwamba mie ni uwanja wa mpira.

"Mama yangu mpendwa! Serikali hii sikivu inakujali. Ungekuwa hai, ungetambua hilo. Lakini suala la kifo chako liko mbele ya Mahakama ya Rufaa. Kulizungumza ni kuingilia uhuru wa mahakama. Mimi silizungumzi. Huyu binti halizungumzi. Na wewe nakusihi usilizungumze."

"Je, kupumua naruhusiwa?"

Akafikiri. "Pumua. Ila taratibu, usije ukaonekana unawashawishi majaji."

*

Nikakata shauri kwenda kwa marehemu mtarajiwa, maana nilipotoka nyumbani siku hiyo niliapa Hemedi nitamnyonga. Nikamkuta sebuleni anakula embe kwa uma. Aliponiona alitaka kukimbia, lakini malezi yana nguvu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Kumbe maiti wanaamkiwa?"

"Shangazi, taratibu, mlinzi atasikia. Kaa. Shangazi, ni jambo dogo tu. Vumilia kidogo. Ukae ndani, usionekane, mpaka rufaa iishe."

"Na ikiisha?"

"Nitakufufua. Wakili ameshaandaa maneno. Tutasema ilikuwa hitilafu ya kiufundi."

"Meza yangu, Hemedi. Shemeji yake Shomvi anakaangia vitumbua meza yangu. Tena hatii iliki!"

"Shangazi, meza ni nini mbele ya jina la ukoo? Ukitokea sasa, mimi naingia jela. Damu yako mwenyewe! Utakula vitumbua kwa amani mimi nikiwa jela?"

"Nitavila. Hutapenda, lakini nitavila."

Akapiga magoti, na magoti hayo nayajua tangu yalipokuwa na makovu ya kuchezea mpira barabarani. Nikalainika. Nitafanyaje? Akaona nimelainika, akaongeza asali: "Halafu tumekujengea kaburi, Shangazi. La vigae. Taja mtu mmoja wa ukoo wetu aliyepata vigae."

Sikumnyonga. Nilikula embe lake lililobaki nikarudi chumbani kwangu kusubiri. Ndiyo nchi yetu hiyo.

*

Rufaa ikaahirishwa. Mara jaji amekwenda semina ya kuharakisha kesi, na semina yenyewe imechelewa kuanza. Mara faili limeliwa na mchwa, mchwa wenyewe hawajahojiwa. Mara Wakili Kilindo amefiwa, na huo ulikuwa msiba wa kweli. Hakuna aliyemletea hata jogoo.

Mie huku chumbani nadaiwa na mwenye nyumba, unga umekwisha, goti linauma. Nikimtumia Hemedi salamu, majibu yanarudi: vumilia. Nikipita sokoni kujikaza tu, naona watu wanakula vile vitumbua visivyo na iliki, wanakunja nyuso, wanasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu Bi Siwema, alikuwa anajua kupika." Wananisifu mbele yangu, lakini hakuna anayeninunulia hata sukari!

Siku moja hasira zilinipeleka makaburini. Nikasema nikaone hicho kitu nilichopewa badala ya maisha. Kweli, lilikuwa kaburi. Pana, limesakafiwa kwa vigae vyeupe, lina kibaraza na kipaa cha bati cha kuzuia jua, pembeni ya barabara ambapo waendesha bodaboda hupumzika. Juu yake jiwe limeandikwa: HAPA AMELALA SIWEMA BINTI NDIMBO. ALIPENDA MADARAJA.

Nilisimama nikalisoma tena. Nikafikiri. Chumba nilichokaa kina jina la mwenye nyumba. Meza ina jina la shemeji. Katika Jamhuri nzima ya Subirini, kiwanja pekee chenye jina langu ni hiki.

Kesho yake nikaleta jiko.

Vitumbua vyangu vina iliki, vina nazi, na mbavu zake zinakauka vizuri. Waendesha bodaboda hawakuuliza mengi. Wachimba makaburi wakawa wateja. Waliokuja kuzika wakawa wanapitia wakiondoka, wanasema msiba wa leo angalau umeishia patamu. Chausiku akaanza kuniletea chai ya tangawizi tuuze pamoja.

Bwana Shomvi naye akaja, kofia sasa iko kichwani.

"Mama, hapa si eneo la biashara. Ondoka."

"Soma jiwe, baba."

Akasoma. "Kumbe eneo hili ni la marehemu Siwema binti Ndimbo."

"Na mie nani?"

Akakuna kichwa chini ya kofia. Akitaka kunifukuza, ilibidi aseme mie si Siwema, na huku mwenyewe ndiye aliyenipa pole kwa jina. Akitaka kusema mie ni Siwema na ni hai, ilibidi anirudishie meza. Na marehemu hafukuzwi kaburini mwake. Hiyo ni sheria hata kwa wasio na sheria.

"Nipe vinne," akasema. "Vya kuondoka navyo."

*

Hatimaye Mahakama ya Rufaa ikakaa. Wakili wa upande wa pili akadai aone ushahidi wa hicho kifo, basi Mheshimiwa Jaji Kapera akaamua mahakama nzima ihamie makaburini ikalione kaburi. Walikuja kwa msafara, na mbele yao lile gari jeusi. Jaji alishuka na joho lake jekundu, makarani wakabeba benchi, waandishi wa habari wakakanyagana. Wakanikuta juu ya vigae, jiko limekolea, nageuza.

Niliwaona. Ningeweza kuzima jiko nikajificha nyuma ya makaburi ya wenzangu. Ahadi ya kuvumilia bado ilikuwepo, na Hemedi alinikodolea macho yale ya kuomba. Wallahi ningeondoka. Nilikwisha hata kushika upawa ili niondoke.

"Huyu mwanamke ni nani, anakaanga juu ya kielelezo?" Jaji akauliza.

"Mie ndiye Siwema," nikasema. "Karibuni."

Watu wakaguna. Lakini Wakili Kilindo hakupepesa jicho. "Mheshimiwa, huyu ni mtani wa marehemu. Mahakama yako tukufu inazijua mila zetu: penye msiba mtani hajibiwi, hakasirikiwi, wala hakamatwi. Huja kumwigiza marehemu ili wafiwa wacheke."

"Anamwigiza vizuri?"

"Vizuri mno, Mheshimiwa. Waliomjua marehemu wanashindwa kuzuia machozi."

"Inatia moyo," Jaji akasema, "kuona mila zetu bado ziko hai."

"Mila ziko hai," nikasema. "Mie ndiye ninayepata tabu."

Wakacheka wote, na Jaji akacheka mpaka joho likatikisika. Sasa fikirieni: nasema kweli tupu, wananipigia makofi kwa uigizaji.

Hemedi akaapishwa hapo hapo kando ya kaburi. Akaeleza alivyonishika mkono nikikata roho.

"Maneno yake ya mwisho?" Jaji akauliza.

"Alisema, 'Hemedi, usiache kujenga madaraja.'"

"Na huyu mtani unamfahamu?"

Hemedi akanitazama. Akajifuta jasho. "Simfahamu, Mheshimiwa. Simjui kabisa. Leo ndiyo mara yangu ya kwanza kumtia machoni."

Hapo paliniuma. Kufa nilishazoea. Meza nilishaililia. Lakini mtoto niliyempaka mafuta kifuani usiku wa homa, anisimamie juu ya kaburi langu aseme hanijui! Nikauweka upawa chini. Nikasema moyoni: Siwema, si wamekupa utani? Basi tania.

"Mheshimiwa Jaji," nikasema, "karibu kitumbua."

Jaji akasita. Wakili Kilindo akamtoa wasiwasi: "Si rushwa, Mheshimiwa. Ni rambirambi." Jaji akapokea, akauma, akafumba macho, akauma tena.

"Huyu Hemedi wenu," nikaanza, mikono kiunoni, "utotoni alikuwa anaogopa kuku. Jogoo akiwika, yeye yuko chini ya kitanda."

Waandishi wakacheka wakaandika. Hemedi akatazama mawingu kama mtu anayesubiri ndege.

"Siku moja alikula sabuni ya mche akidhani halua. Akatoa mapovu mpaka magharibi. Majirani wakadhani tumefua."

"Mtani, ongeza!" Chausiku akapiga kelele huku akigonga birika. Makarani walikuwa wamelala juu ya benchi kwa kicheko. Mshipa wa shingo ya Hemedi ulisimama, lakini mdomo wake ulibaki umefungwa. Mkurugenzi kweli kweli.

Nikavuta pumzi. Nikasema polepole, ili waandishi wasiniache nyuma:

"Na alikojoa kitandani mpaka darasa la sita."

"La nne, Shangazi!" Hemedi akapayuka, kidole juu. "La nne! Na wewe mwenyewe unajua wazi ilikuwa la nne!"

Kikabaki kinazungumza kikaango peke yake. Wakili Kilindo akafunga kitabu cha sheria, akaanza kufuta vumbi kwenye viatu vyake, ambavyo havikuwa na vumbi.

Jaji Kapera akameza kilichokuwa mdomoni. Akapangusa mafuta ya vidole kwenye joho, akanitazama mie, akalitazama jiwe, akamgeukia Hemedi.

"Bwana Mkurugenzi," akasema, "hebu subiri kidogo. Huyo unayebishana naye ni nani?"